Kikokotoo, mchangiaji na mstaafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu mifuko ya hifadhi ya jamii ya Tanzania Bara, yaani PSSSF ya watumishi wa umma na NSSF ya sekta binafsi. Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, wenye sheria zake. Kenya imetajwa pale tu inapotusaidia kulinganisha. Majibu yanaegemea swali moja linalokwepwa kwenye kelele za kikokotoo: shilingi anayoongezewa anayestaafu leo inatoka mfukoni mwa nani?

## Misingi

1. Kikokotoo ni nini hasa?

Ni kanuni ya hesabu inayotafsiri miaka yako kazini na mshahara wako kuwa mafao. Ina vipande vinne. Cha kwanza ni sehemu ya mshahara unayojipatia kwa kila mwezi uliochangia, ambayo zamani ilikuwa 1/540 kwa baadhi ya mifuko na sasa ni 1/580. Cha pili ni mshahara unaotumika kwenye hesabu. Cha tatu ni asilimia ya pensheni unayoibadilisha kuwa mkupuo, yaani fedha unayolipwa kwa mara moja siku ya kustaafu. Cha nne ni kizidisho, namba inayoamua kila shilingi ya pensheni ya mwaka uliyoiachia utalipwa mkupuo wa shilingi ngapi. Zamani kilikuwa 15.5 kwa mifuko hiyo, sasa ni 12.5.

Mtaani watu wakisema "kikokotoo" huwa wanamaanisha kipande cha tatu tu, ile asilimia. Hapo ndipo mjadala mzima unapopotea njia, kama swali la 5 linavyoonyesha.

2. Nani anachangia kiasi gani?

Kote kuwili jumla ni 20%. PSSSF, mwajiri anatoa 15% na mtumishi 5% ya mshahara wa msingi. NSSF, kawaida ni 10% kwa 10%, ingawa mwajiri akipenda anaweza kubeba zaidi.

Neno "wa msingi" lina uzito. Mtumishi anayeishi kwa posho za safari, vikao na muda wa ziada hachangii chochote kwenye posho hizo, na uzeeni hazitamkumbuka. Wengi wanaoshtuka kuona pensheni ndogo wanalinganisha pensheni hiyo na kipato chao chote, wakati mfuko unatazama mshahara wa msingi peke yake.

3. Fedha ninayokatwa leo inawekwa kando kwa jina langu mpaka nistaafu?

Hapana. Kumbukumbu za michango ndizo zilizo kwa jina lako, fedha yenyewe inaingia kwenye kapu la wote. Sehemu inalipa wastaafu wa mwezi huu, sehemu inawekezwa. Unachodai wewe ni ahadi ya kisheria kwamba ukifikisha umri na miezi inayotakiwa, utalipwa kwa kanuni itakayokuwepo siku hiyo. Itakayokuwepo siku hiyo, si iliyokuwepo ulipoajiriwa. Ugomvi wote kati ya mchangiaji na mstaafu unaanzia hapo: wote wawili wanadai kapu moja, lakini mmoja anadai leo na mwingine atadai baada ya miaka 25.

## Kikokotoo chenyewe

4. Kilibadilika lini na kwa nini kilizua ugomvi?

Hadi 2018 kila mfuko ulikuwa na kanuni yake. Wanachama wa mifuko ya zamani ya watumishi, PSPF na LAPF, walipata mkupuo wa 50%, wa mifuko mingine 25%. Sheria ya 2018 iliunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF kuanzia 1 Agosti 2018, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Kanuni mpya zilizofuata zikataka wote wawe kwenye 25%, 1/580 na 12.5.

Watumishi walipiga kelele. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu, Dar es Salaam, akasitisha kanuni mpya na kuagiza kila mfuko urudi kwenye ile ya zamani hadi 2023. Baadaye serikali, waajiri na TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, walikubaliana 33% kwa wote kuanzia 1 Julai 2022. Kelele hazikuisha, na kwenye Mei Mosi ya 2024 jijini Arusha suala lilirudi mezani. Bajeti ya Juni 2024 ikapandisha mkupuo hadi 40% kwa kundi lililokuwa likipata 50%, na 35% kwa lililokuwa likipata 25%.

5. Naomba mfano wa namba.

Chukua mtumishi aliyechangia miezi 360 (miaka 30) ambaye mshahara wake wa kukokotolea ni Sh 1,000,000 kwa mwezi, yaani Sh 12,000,000 kwa mwaka. Safu ya mwisho inajumlisha mkupuo na pensheni za miezi 150, sawa na miaka 12.5. Nyongeza yoyote ya baadaye imeachwa nje.

| Kanuni | Mkupuo | Pensheni kwa mwezi | Jumla kwa miaka 12.5 |
|---|---|---|---|
| Zamani: 1/540, 50%, 15.5 | 62,000,000 | 333,333 | 112,000,000 |
| Ya 2018: 1/580, 25%, 12.5 | 23,275,862 | 465,517 | 93,103,448 |
| Ya 2022: 1/580, 33%, 12.5 | 30,724,138 | 415,862 | 93,103,448 |
| Ya 2024: 1/580, 40%, 12.5 | 37,241,379 | 372,414 | 93,103,448 |

Itazame tena safu ya mwisho. Ukiweka 25, 33 au 40, jumla haisogei hata senti. Upungufu wa karibu milioni 19 kati ya kanuni ya zamani na mpya haukuletwa na asilimia. Kama milioni 7.7 zimeondoka pale 540 ilipogeuka 580, na kama milioni 11.2 pale 15.5 ilipogeuka 12.5. Mabango ya Mei Mosi yalidai asilimia. Fedha ilikuwa imeshatokea mlango mwingine.

6. Kwa hiyo asilimia haina maana yoyote?

Ina maana, ila si ile inayotangazwa. Asilimia inaamua lini unapokea, haiamui kwa kiasi kikubwa unapokea kiasi gani. Anayefariki mapema alifaidika na mkupuo mkubwa. Anayefika miaka 80 anafaidika na pensheni kubwa ya mwezi.

Kuna kitu cha tatu, nacho ndicho kizito kuliko vyote. Milioni 37 za leo zinanunua bati za leo, wakati shilingi 372,414 za mwaka wa kumi zitanunua unga wa mwaka wa kumi. Kama pensheni haipandi pamoja na bei, kupokea mapema ni faida ya kweli. Kwa hiyo mtumishi anayeng'ang'ania mkupuo si lazima awe mtu asiyejua kupanga maisha. Mara nyingi ameona pensheni ya mzazi wake ilivyoyeyuka, akajifunza. Tazama swali la 14.

7. Nimesikia 12.5 maana yake pensheni inakoma baada ya miaka 12 na nusu. Ni kweli?

Si kweli. Pensheni ya mwezi inalipwa mpaka mstaafu afariki, hata akifika miaka 100. Namba 12.5 ni bei ya kubadilishia pensheni kuwa mkupuo, na ilielezwa kama wastani wa miaka ambayo mtu anatarajiwa kuishi baada ya 60.

Wastaafu wanauliza, na wana haki ya kuuliza: kama watu siku hizi wanaishi zaidi, mbona namba ilishuka kutoka 15.5? Jibu la wazi ni kwamba 15.5 ilikuwa bei ya ukarimu ambayo michango haikuweza kuibeba. Hilo lingesemwa hivyo, badala ya kupambwa kwa hesabu za umri wa kuishi, lingepunguza hasira kwa kiasi fulani.

8. Kwa nini siku hizi wanatumia wastani wa miaka mitatu badala ya mshahara wa mwisho?

Sasa mfuko unachukua wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho. Zamani, kwa PSPF, mshahara wa mwisho ndio uliobeba kila kitu. Mtu aliyepandishwa cheo miezi sita kabla ya kustaafu alipata pensheni ya cheo hicho kwa miaka yote 30, ingawa alikichangia kwa miezi sita. Mwenzake aliyekaa daraja moja miaka kumi, akachangia karibu sawa naye, aliondoka na kidogo.

Mabadiliko haya yanawaumiza waliocheleweshewa vyeo bila kosa lao, na hao si wachache hasa kwenye halmashauri. Hata hivyo, katika vipande vyote vya mageuzi, hiki ndicho ninachoona ni cha haki zaidi.

## Nani anamlipia nani

9. Kwa nini kijana alipie ahadi alizopewa mtu aliyeajiriwa kabla hajazaliwa?

Kabla ya Julai 1999 mtumishi wa serikali kuu hakukatwa mchango. Pensheni yake ilikuwa ilipwe na Hazina kutokana na kodi. PSPF ilipoanza 1 Julai 1999 ilianza kukusanya michango, lakini ikabeba pia miaka ya utumishi ya nyuma ambayo haikuwa na hata shilingi iliyowekwa. Aliyeajiriwa 1978 na kustaafu 2008 alilipwa kwa miaka 30, huku michango yake ikiwa ya miaka tisa.

Serikali ilitakiwa iifidie PSPF miaka hiyo ya kabla ya 1999. Haikufanya hivyo kwa wakati, na mfuko ukawa unachota kwenye michango ya waliokuwa kazini. Deni lililokuja kutambuliwa lilizidi Sh trilioni 4. Mwaka 2021 serikali ilitoa hati fungani maalumu isiyo ya fedha taslimu (ahadi ya maandishi ya kulipa baadaye) ya Sh trilioni 2.17 kwa PSSSF ili kuanza kulifuta.

Ukiulizwa nani alimdhulumu nani, basi, usimnyooshee kidole mwalimu mstaafu. Alitimiza sehemu yake ya mkataba. Aliyechelewa kulipa ni mwajiri wake, na gharama ya ucheleweshaji ikagawanywa kwa wachangiaji wa miaka ya 2000 na 2010. Ndio hao hao waliokuja kupunguziwa kikokotoo 2022.

10. Kusimama kwa ajira serikalini kuna uhusiano gani na pensheni yangu?

Mkubwa. Wanaochangia PSSSF ni watumishi wa umma peke yao. Ajira mpya zikisitishwa, kama ilivyotokea 2016, wastaafu wanaendelea kuongezeka kila mwezi lakini wachangiaji wapya hawaingii. Nchi imejaa vijana, ila kijana asiye na barua ya ajira hachangii. Ndiyo maana hoja ya "Tanzania ni changa, mifuko yetu haiwezi kuyumba" ni dhaifu kwa mfuko wa watumishi. NSSF ina nafasi pana zaidi kwa sababu sekta binafsi inaweza kukua, na inapokea pia waliojiajiri.

11. Mifuko iliwekeza vibaya. Kwa nini alipe mwanachama?

Swali hili ni la haki kabisa. Michango ya mifuko ilijenga Chuo Kikuu cha Dodoma kwa mikopo kwa serikali ambayo urejeshaji wake ulisuasua. NSSF iliingia kwenye mradi wa nyumba wa Dege, Kigamboni, ambao ulisimama 2016 na kuacha msitu wa maghorofa yasiyokaliwa. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, ni la NSSF na serikali pia, na angalau hilo watu wanalipita kila siku.

Mstaafu anayelipwa kwa kanuni haguswi moja kwa moja na hasara ya uwekezaji, kwa kuwa pensheni yake imeshapangwa. Hasara inamwangukia aliye kazini, kupitia kikokotoo kitakachobanwa baadaye. Aliye kazini hana namna ya kumpigia kura msimamizi wa fedha yake zaidi ya wawakilishi wachache wa vyama kwenye bodi. Mamlaka ya usimamizi ya SSRA nayo ilifutwa na sheria ya 2018, majukumu yake yakahamia wizarani. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa: anayekopa hapaswi kuwa ndiye anayemsimamia mkopeshaji.

12. Mbona wabunge hawaguswi na kikokotoo?

Kwa sababu hawalipwi na mfuko. Kiinua mgongo cha mbunge mwishoni mwa muhula kinatoka Hazina, kwa sheria ya mafao ya viongozi wa kisiasa ya 1999. Kukipunguza hakuongezi shilingi PSSSF. Kisiasa ni jambo jingine: anayepitisha kikokotoo cha mwenzake huku chake kikiwa kando asishangae akizomewa.

13. Ni haki kubadilisha kanuni kwa mtu aliyebakiza mwaka mmoja astaafu?

Linganisha walimu wawili wa mfano wa swali la 5. Mmoja alitimiza miaka 60 tarehe 30 Juni 2022, mwenzake siku chache baadaye. Walifundisha darasa moja, walikatwa sawa. Wa kwanza aliondoka na mkupuo wa milioni 62, wa pili milioni 30.7. Nyongeza ya 2024 ilipanguza machozi kidogo, maana hotuba ya bajeti ilisema itawahusu pia waliostaafu chini ya kanuni ya 2022, lakini pengo lilibaki.

Kulikuwa na njia nyingine, ya kugawa utumishi kwa vipindi: miezi ya kabla ya mabadiliko ikokotolewe kwa kanuni ya zamani, ya baadaye kwa mpya. Hapo aliyebakiza mwaka anaguswa kwa mwaka mmoja, na kijana anaguswa kwa miaka yake mingi, lakini ana muda wa kujipanga. Kenya ilipoanzisha mfuko wa uchangiaji wa watumishi wa umma 1 Januari 2021, walio chini ya miaka 45 waliingizwa moja kwa moja, waliofikisha 45 wakapewa hiari ya kubaki kwenye utaratibu wa zamani. Wafanyakazi wakaanza kwa kukatwa 2% mwaka wa kwanza, 5% wa pili na 7.5% kuanzia wa tatu, serikali ikitoa 15%. Mageuzi yalikuwa makubwa kuliko yetu, lakini hayakumkuta mtu mlangoni.

Na je, tungekuwa na akaunti ya kila mtu kama huko Kenya, ugomvi si ungeisha?

Ungehamia kwingine. Mfuko huo wa Kenya unampa kila mwanachama akaunti: ulichochangiwa pamoja na faida yake ndicho utakachokuta. Hakuna kijana anayemlipia mzee. Lakini uwekezaji ukiharibika mwaka unaostaafu, hasara ni yako peke yako, na ukiishi muda mrefu kuliko akiba yako, tatizo ni lako pia. Halafu kuna gharama ya kuvuka: utaratibu wa zamani wa Kenya, wenye kanuni ya 1/480 na mkupuo wa robo ya pensheni mara 20, ulikuwa ukilipwa kutoka kodi bila mtumishi kuchangia. Wastaafu wake bado wapo na walipakodi wanaendelea kuwalipa, huku wakichangia 15% ya wapya. Kizazi kimoja kinalipa mara mbili.

## Baada ya kustaafu

14. Mishahara inapandishwa. Pensheni nayo inapanda?

Haipandi yenyewe. Nyongeza hutegemea tathmini ya hali ya mfuko na uamuzi wa mamlaka, haina tarehe inayojulikana. Kwenye Mei Mosi ya 2025 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kitapanda kwa 35.1%, kutoka Sh 370,000 hadi Sh 500,000 kuanzia Julai. Mstaafu aliyekaa mbele ya televisheni yake siku ile hakuwa na kanuni yoyote ya kumwambia yeye atapata nini.

Bei zikipanda kwa 4% tu kwa mwaka, pensheni ya Sh 400,000 isiyoguswa itakuwa na nguvu ya kama Sh 250,000 baada ya miaka 12. Hakuna bunge lililojadili kikokotoo hicho, lakini kinafanya kazi kila mwezi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na vyama vya wafanyakazi. Vimetumia nguvu nyingi kudai mkupuo, ambao unamfaa anayeondoka leo. Vingedai nyongeza ya kila mwaka inayofuata bei, hata kwa kiwango kidogo chenye ukomo, vingemfaa mstaafu wa sasa na wa baadaye kwa pamoja, na hamu ya mkupuo mkubwa ingepungua yenyewe. Ina gharama, ndiyo. Mchangiaji ataibeba. Lakini na yeye atakuja kuipokea, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu deni la kabla ya 1999.

15. Si bora nipewe changu chote nikawekeze mwenyewe?

Kwanza "changu chote" ni kiasi gani? Kwa mfano wetu, 20% ya milioni moja kwa miezi 360 ni milioni 72, bila kuhesabu faida. Na kwa mtumishi halisi aliyeanza na mshahara mdogo, michango ni pungufu ya hapo. Kwa kanuni ya 40%, mkupuo wa milioni 37.2 na pensheni ya mwezi vinarudisha milioni 72 baada ya karibu miaka minane. Kuanzia hapo unalipwa na faida ya uwekezaji na michango ya wengine. Kwa kanuni ya zamani ulikuwa unafika hapo baada ya miaka miwili na nusu. Kila mwenye kikokotoo anaweza kuona kwa nini haikuweza kudumu.

Kuhusu kuwekeza mwenyewe, wako wanaoweza. Wako pia wanaopigiwa simu na matapeli wiki ile ile mkupuo unapoingia, wanaonunua daladala bila kujua gharama za gereji, na ambao nusu ya fedha ilishaliwa na mikopo ya kausha damu kabla hawajastaafu. Sisemi wazuiwe. Nasema pensheni ya mwezi haiwezi kutapeliwa yote kwa siku moja.

16. Mstaafu akifariki mapema, fedha yake inakwenda wapi?

Kwa PSSSF, wategemezi wa mstaafu aliyefariki hulipwa kwa mara moja kiasi cha pensheni ya miezi 36. Kwa mfano wa 40% ni kama milioni 13.4. Baada ya hapo pensheni imekoma, na kilichobaki kinasaidia kuwalipa wanaoishi muda mrefu. Ndivyo hifadhi ya jamii inavyofanya kazi, ingawa ni maneno magumu kumwambia mjane.

Familia zinazoficha kifo ili pensheni iendelee zinachota kwenye kapu la wote. Uhakiki wa wastaafu, ambao PSSSF sasa inauruhusu kwa simu, upo kwa ajili hiyo.

## Mazingira ya pekee

17. Mwajiri alinikata lakini hakuwasilisha michango. Nani anabeba hasara?

Kwa sheria, mwajiri: anatakiwa alipe michango yote, pamoja na tozo ya ucheleweshaji, na mfuko unaweza kumfikisha mahakamani. Kwa hali halisi, anabeba mfanyakazi, kwa sababu madai yake yanakwama mpaka michango ionekane, na kampuni ikishafilisika hakuna wa kumdai. Usisubiri miaka 60. Angalia taarifa ya michango yako mara kwa mara na ulinganishe na hati za mishahara, ambazo unapaswa kuzitunza zote. Ukiona mwezi umeruka, andika kwa mfuko kwa maandishi wakati mwajiri bado yupo.

Anayetorosha michango anawaibia watu wawili kwa mpigo: mfanyakazi wake, na mstaafu ambaye alitegemea kapu lijae mwezi huo.

18. Nikistaafu kwa hiari nikiwa na 55, napoteza nini?

Unapoteza miezi 60 ya uchangiaji, sawa na 60/580, yaani takriban 10% ya mshahara wa kukokotolea kwa kila mwaka wa pensheni, na pia vyeo vya miaka mitano ya mwisho. Kwa upande wa mfuko, unaanza kulipwa mapema na utalipwa kwa muda mrefu zaidi. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, isipokuwa kada chache kama maprofesa na madaktari bingwa waliosogezwa hadi 65.

19. Sijafikisha miezi 180.

Hupati pensheni ya kila mwezi. Unalipwa mkupuo maalumu mara moja, na safari yako na mfuko inaishia hapo. Kwa aliyechangia miezi 170 huu ni ukuta mkali, kwa hiyo kama umebakiza michache, ulizia kuchangia kwa hiari kabla ya kudai.

20. Nilianza NSSF, nikahamia serikalini. Miezi ya zamani inapotea?

Haipotei. Sheria inaruhusu vipindi vya uchangiaji vya mifuko tofauti vijumlishwe ili kufikisha sifa ya pensheni. Kinachokwamisha watu ni majina: cheti kinasema Mwanaidi, NSSF wameandika Mwanahidi, kitambulisho cha taifa kina jina la tatu tofauti. Rekebisha ukiwa bado na nguvu za kupanda ngazi za ofisi.

21. Nimeachishwa kazi nikiwa na miaka 35. Kwa nini nisipewe michango yangu yote?

Fao la kujitoa lilifutwa, jambo lililoleta malalamiko makubwa, hasa migodini ambako mikataba ni mifupi. Mahali pake pana fao la kukosa ajira: 33.3% ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyechangia angalau miezi 18. Aliyepungukiwa na miezi hiyo hulipwa nusu ya michango yake mwenyewe.

Hoja ya serikali ni kwamba anayejitoa kila baada ya mkataba anafika uzeeni mikono mitupu. Ni hoja nzuri kwa mwenye ajira ya kudumu. Kwa kibarua anayepata kazi miaka miwili na kukaa miwili, uwezekano wa kufikisha miezi 180 ni mdogo, na hivyo michango yake inasaidia zaidi kuwalipa wenye ajira za uhakika kuliko yeye mwenyewe. Dhuluma ya namna hii, ya wachangiaji wa chini kuwabeba wa juu, haijadiliwi sana kwa sababu wanaoumia hawana chama chenye sauti.

22. Waliotolewa kwa vyeti vya kughushi walikuwa na haki gani?

Mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa kazini bila mafao. Mwaka 2022 serikali iliruhusu warudishiwe michango waliyokatwa wao wenyewe. Sehemu ya mwajiri haikurudishwa, wala kikokotoo hakikutumika. Aliyedai fedha hizo aliomba kupitia kwa mwajiri wake wa zamani, na aliyekuwa ameshafariki aliwakilishwa na msimamizi wa mirathi.